Nafasi Kati ya I na U

Niliikuta chini ya chokaa, Kibokoni,
mwaka kuta zilipoamriwa ziwe nyeupe:
MAZIWA MALA, ubavuni mwa duka lililofungwa,
kazi ya Fundi Shekuwe, aliyepaka bila rula,
sigara sikioni,
akipima kwa shubiri na kwa jicho moja.

Nikabandika karatasi, nikasugua mkaa.
Ikatoka M yenye mabega,
L iliyokaa kitako kama mdai,
A nne, hakuna mbili zilizofanana,
na kila mguu una kikanyagio chake,
kama mtu aliyevaa mitalawanda
asilowe visigino.

Miezi tisa nimeinamia kompyuta.
A nilianza nayo, nikamaliza nayo:
mji huu haufungui kinywa bila A.
K nikaipa teke. W nikaipanua kifua.
Ritifaa, ile ya ng'ombe na ya ng'ambo,
nikainenepesha, isidhaniwe kinyesi cha nzi.
Q na X nilizichora kwa adabu tu,
wageni wa kupewa kiti, si sahani.

Unene si kujaza wino.
Unene ni kujua weupe utauacha wapi:
tumbo la B likibanwa, B huwa tofali;
jicho la e likifumba, neno zima ni kipofu.
Ndiyo maana niliwaambia wanunuzi mapema,
msiniandikie barua kwa herufi hii,
wala dozi ya dawa, wala dua.
Hii ni ya mbali.
Ni ya mtu anayepita na mzigo kichwani
asiye na muda wa kusoma mara mbili.

Mwanasha aliijaribu kwenye kadi ya arusi,
akairudisha siku hiyo hiyo:
"Mbona zapiga kelele? Mie naolewa, sipigiwi kura."
Wenye kanga wa Barabara ya Biashara wakaichukua,
jina likakaa juu ya pindo kama limezaliwa pale:
SIKUJIBU KWA KUWA NIMESHIBA.
Kinyozi wa Tudor akaitaka. Timu ya mpira ikaitaka,
haikulipa mpaka leo.

Halafu akaja Chengo wa Majengo na kopo la rangi nyeusi.
Kaka yake, yuko Ghuba, anaiuza nyumba ya mama yao
kwa simu.
Chengo hakuuliza bei. Alitaka maneno matatu,
kila herufi mkono mzima kwa urefu.
Nikamkatia kwenye plastiki, tukapaka alfajiri,
adhana ikitukuta kwenye neno la pili:

NYUMBA HII HAIUZWI

Majirani walisoma kimya, midomo ikitembea.

Mwezi haukuisha. Ng'ambo ya barabara hiyo,
turubai jipya, herufi zangu zile zile,
mitalawanda ile ile:
MNADA. ALHAMISI. SAA NNE.
Dalali aliinunua kihalali, nina nakala ya risiti.
Na M yake ilipendeza. Sitasema uongo,
ilipendeza kuliko ya Chengo,
kwa kuwa mashine haitetemeki mkono.

Chengo hakunilaumu. Aliniuliza tu
kama herufi hujua iko upande wa nani.
Nikautazama ukuta badala ya kumtazama usoni,
na hapo ndipo nilipoona kosa,
kosa langu, si la brashi:
I imesimama mbali mno na U.
Mpita njia angesoma HAI,
akavuta pumzi,
kisha UZWI, kama neno la watu wengine.

Usiku nikafungua faili.
Nikaisogeza U, vipimo kumi na viwili,
nikaitazama, nikaongeza vitatu.
HAI ikapotea ndani ya neno,
nikakaa kidogo bila kuhifadhi.

Nikahifadhi.
Kesho alfajiri narudi Majengo na brashi.
Leo ni Jumanne.